Mapezi Matatu na Nafasi ya Mshono

Bweni la Wasichana
3 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na zile sare za wauguzi umezimaliza. Mimi mzima. Simu huku haziruhusiwi, lakini dereva wa mkate amekubali kuwa tarishi wetu. Anasema kila asubuhi akitoka kiwandani lazima apite mbele ya dirisha lako, na hata asipotaka kusimama utamsimamisha.

Nimejiunga na klabu ya roketi. Cheka kwanza, halafu uendelee kusoma.

Si zile za kwenda mwezini. Ni mrija wa karatasi ngumu, urefu kama mkono wangu, chini una injini ndogo ya kuwasha, juu una parachuti. Mwisho wa muhula shule kadhaa zitakutana kwenye uwanja wa mpira, kila moja na roketi yake. Sisi tumeambiwa tubuni mapezi. Hayo ni yale mabawa madogo ya mkiani, kazi yake ni kuifanya roketi iende ilikoelekezwa badala ya kubiringika hewani. Ambaye mapezi yake yatachaguliwa ndiye atakayesimama na roketi siku hiyo. Waliobaki watabeba maboksi.

Nimechora mapezi matatu. Mwalimu wa Fizikia akatazama mchoro wangu, akasema, "Manne." Kitabu kina manne.

Nilikuwa na jibu, Shangazi. Matatu yanatosha yakigawana mzunguko sawasawa, na mkia unakuwa mwepesi, maana mkia ukiwa mzito roketi inapinduka kwa urahisi. Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Lakini kwenye maabara tunazungumza lugha ya vitabu tu, na mimi kila kitu nakifikiri kwanza kwa Kiswahili, halafu nakibeba nikivushe upande wa pili, na nikifika huko wenzangu wameshafungua ukurasa mwingine. Nikakaa. Nahodha wa klabu akasema, "Bubu amekubali." Ndilo jina langu huku.

Sikukubali. Nilikaa tu. Naomba angalau mtu mmoja duniani ajue tofauti.

Sasa ombi lenyewe. Ile printa niliyoitengeneza likizo, uliyopewa na ile ofisi uliyoishonea mapazia, bado ipo kwenye meza ya kukatia? Kwenye kompyuta nilikuachia ukurasa wenye nafasi za kujaza vipimo. Jaza hivi, kwa milimita:

Upande unaoshika mwili wa roketi: 60
Upande wa nje: 30
Kutoka mwilini hadi nje: 45
Unene: 3

Chapa matatu. Yalale chali kwenye sahani ya printa, yasisimame. Ile mashine inayeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka. Pezi likichapwa limesimama, tabaka zake zinaachana kama biskuti.

Majaribio ni tarehe 11. Nitayabandika hayo hayo matatu. Mwalimu aseme tena manne akiwa ameyaona yakiruka.

Mwanao,
Bubu (usilitumie, nakuonyesha tu)

*

Chumba cha cherehani
8 Juni

Sindano wangu,

Marahaba. Mgongo haujapoa, ila tumezoeana.

Nimecheka kama ulivyoniagiza, nikamaliza, nikavaa miwani. Hiyo mashine yako nimekaa nayo siku nzima kama ninayekaa na mkwe mpya. Mara ya kwanza ilinitolea fungu la nywele, nikakumbuka kwamba ulisema sahani ifutwe mafuta kabla ya kuanza. Nikaifuta. Mara ya pili ikatulia, ikawa inakwenda huku na huku, tabaka juu ya tabaka, na mimi nashona pembeni yake. Mashine mbili, zote zinakula uzi, zote zinanung'unika. Sijawahi kupata mwenzangu wa kazi asiyenisengenya hadi leo.

Vipimo vyako nimevifuata, na nimefanya kwa utaratibu wangu wote kama ninavyomfanyia mteja anayelipa mapema. Usiwe na wasiwasi, hayatafumuka. Yamelala chali, matatu, ya njano, maana uzi uliobaki ni wa njano tu.

Mteja wangu wa magauni aliingia akauliza hivyo ni vitu gani. Nikamwambia mapezi. Akauliza ya samaki gani. Nikamwambia wa angani, na gauni lako halijawa tayari.

Huyo Nahodha anayekuita Bubu mwambie Bubu ana shangazi, na shangazi ana mkasi. Na mwalimu wako kama anapenda manne, hakuna aliyemzuia kuchapa ya kwake. Baba yako aliponiletea wewe ulikuwa na kiatu kimoja mguuni na hukuongea wiki nzima. Wiki ilipokwisha ukaniambia, "Hicho kiatu kingine kiko kwenye gari." Ulikuwa unajua muda wote. Ulikuwa unasubiri tu aulize mtu mwenye akili.

Kwa hiyo simama.

Shangazi yako

*

Bweni la Wasichana
12 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Mapezi yamefika salama. Ni mazuri sana. Roketi imeruka. Asante kwa kazi yote. Msalimie mteja wa magauni.

Nina mitihani, kwa hiyo sitaandika sana.

Mwanao

*

Chumba cha cherehani
15 Juni

Sindano,

Nilikuwa nimejiandaa. Barua ilipofika nilizima cherehani, nikafunga mlango nusu, nikakaa kwenye kiti cha wateja ili niisome kwa raha. Nimeimaliza kabla kiti hakijapata joto.

Imeruka. Imeruka wapi? Imeruka vipi? Mwalimu alifanya uso gani? Nahodha je? Mimi huku nimeshamwambia kila mtu aliyeingia kupunguza suruali kwamba binti wa kaka yangu anarusha roketi kwa mapezi yaliyotoka kwenye meza hii. Dereva wa mkate nimempa salamu za ushindi akupelekee, akaniangalia kama mtu aliyemeza jiwe, akasema ana haraka. Yule hajawahi kuwa na haraka tangu azaliwe.

Nimekulea, mwanangu. Najua unavyonyamaza ukiwa na furaha na unavyonyamaza ukiwa umevunja kikombe. Barua yako ni ya kikombe.

Andika.

Shangazi yako

*

Bweni la Wasichana
19 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Ni kikombe.

Siku ya majaribio dereva alichelewa, wenzangu walikuwa tayari uwanjani. Nilifungua bahasha nikiwa nakimbia. Mapezi yalikuwa makubwa, Shangazi. Makubwa kama masikio ya tembo. Siyo niliyoyaona kichwani. Lakini nilikuwa nimefuta na kuandika upya vipimo vyangu mara nyingi mno, hata sikumbuki ni vipi nilivyokutumia, na muda wa kupima haukuwepo. Nikayabandika na gundi ya haraka, nikaiweka roketi kwenye fimbo yake.

Ikatoka vizuri. Kwa pumzi moja ilikwenda juu wima, nikafikiri, basi. Halafu upepo mdogo ukavuma, roketi ikageuza uso kuufuata ulikotoka, kama mtu aliyeitwa jina lake, ikavuka uwanja ikiwa imelala hivi, ikagonga tangi la maji la jikoni. Mpishi akatoka na mwiko akiuliza nani amemrushia kitu. Ndiyo sababu dereva anajua. Alikuwa bado anashusha mkate.

Walicheka hadi wengine wakakaa chini. Nahodha akasema Bubu ametuma tembo angani. Mwalimu hakucheka, na ningependa angecheka. Alisema taratibu kwamba haya ndiyo hutokea mtu akiweka kichwa chake juu ya kitabu. Akasema pia kwamba mwaka juzi roketi ya mapezi matatu ilipoteza moja ikamfukuza mlinzi hadi getini, na yeye mwalimu ndiye aliyeandikishwa maelezo ya tukio. Kwa hiyo ni manne, ya Nahodha, ya mbao. Mimi nimekuwa mtunza boksi la gundi.

Nadhani yuko sahihi. Nimekaa na hesabu zangu na sioni nilipokosea, na kukosea bila kuona ulipokosea ni kubaya kuliko kukosea. Labda mimi si mtu wa mambo haya. Naomba uifunike printa kitambaa, vumbi lisiingie.

Kitu kimoja tu. Kama barua yangu ya kwanza bado unayo, niambie niliandika namba gani. Nataka kuona upumbavu wangu kwa macho.

Samahani kwa wateja wako wote wa suruali.

Mwanao

*

Chumba cha cherehani
22 Juni

Mwanangu,

Sijafunika kitu.

Kwanza, samahani ya wateja wa suruali siipokei. Wao wenyewe wana mambo yao, mmoja anavaa suruali ya marehemu kaka yake na anasema ni mpya.

Pili, barua yako ninayo. Nimekata kile kipande chenye namba, nakutumia humu ndani ukione mwenyewe. Sitini, thelathini, arobaini na tano, unene tatu. Mwandiko wako huo huo wa sisimizi. Upumbavu sijauona, labda miwani yangu.

Na mimi nilijaza hivyo hivyo. Sitini, thelathini, arobaini na tano, kisha nikaweka nafasi ya mshono kama kawaida, sentimita moja na nusu kila upande, maana kitu cha kuunganishwa na kingine ukikikata sawa na kipimo, siku ya kwanza tu kitafumuka. Hilo hata mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza analijua, kwa hiyo sikukuandikia. Unene sikuugusa, uzi ulikuwa unakaribia kwisha.

Kwa hiyo tatizo haliko kwenye namba. Tazama gundi. Gundi za siku hizi ni maji.

Kula vizuri. Na hicho cheo cha mtunza boksi ukiache hapo kilipo.

Shangazi yako

*

Bweni la Wasichana
24 Juni

Shangazi,

Shikamoo.

Roketi haina mshono.

Nimesoma barua yako nyuma ya stoo ya mkaa, na pale kwenye nafasi ya mshono nikakaa chini. Sentimita moja na nusu kila upande. Sitini ikawa tisini. Arobaini na tano ikawa sabini na tano. Mapezi yanabandikwa kwa gundi, ukingo kwa mwili, hakuna kinachokunjwa ndani. Yakizidi ukubwa, upepo wa pembeni unapata pa kushika, unausukuma mkia, na pua inageukia kule upepo unakotoka. Ndivyo ilivyofanya. Ilifanya kila kitu kama hesabu inavyosema ingefanya kwa mapezi ya ukubwa ule. Wakati wanacheka, hesabu zangu zilikuwa sawa, zimesimama pale pale uwanjani, hakuna anayeziona, hata mimi.

Nilikukasirikia. Nakuambia kwa sababu wewe ulisema niandike. Nilikukasirikia hadi kengele ya chakula, nikaingia foleni nimekunja uso, halafu nikakuona unaijaza ile kompyuta na miwani puani, unaongeza nafasi ili yasifumuke, nikacheka peke yangu kwenye foleni. Wenzangu wanasema sasa Bubu ameharibika kabisa.

Sasa nimekwama mahali papya. Nataka majaribio ya pili. Mwalimu ataniuliza kwa nini ya kwanza yalishindwa, na jibu la kweli ni nafasi ya mshono. Nikilisema watakucheka wewe. Mimi nimeshazoea, lakini wewe hukuomba kuingia kwenye klabu hii. Naweza kusema nilikosea kuandika. Ni uongo mdogo na unaishia kwangu.

Niambie nifanyeje. Mkutano wa shule ni tarehe 12 Julai.

Sindano

*

Chumba cha cherehani
26 Juni

Sindano wangu,

Nimekaa kwenye kiti cha wateja tena. Safari hii kilipata joto.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyemtuma tembo angani. Sawa. Nimeshaharibu gauni la bibi harusi asubuhi ya harusi na nikasimama mlangoni kwake nikamwambia, ni mimi, nipe saa moja. Nimechekwa na watu wenye meno mengi kuliko hao wanafunzi wenzako. Haujawahi kukatika mkono wangu kwa kuchekwa.

Uongo wako mdogo siutaki. Ukisema ulikosea kuandika, namba zako nzuri zinakufa, na mimi nabaki na siri kifuani kama mwizi wa kuku. Sema ilivyokuwa. Shangazi yangu ni fundi wa nguo, aliongeza nafasi ya mshono, mapezi yakawa makubwa, roketi ikafanya hivi kwa sababu hii. Wakicheka, waache wamalize. Watu hawawezi kucheka muda mrefu, wanachoka mbavu. Wakinyamaza, unaendelea pale ulipoishia.

Na hiyo habari ya kuvusha maneno upande wa pili, mbona unajitwisha mizigo? Roketi yenyewe inajua lugha gani? Useme kwa ile uliyofikiria nayo.

Nilitaka kuja. Nilishachagua hata kitambaa cha kichwa. Halafu nikajiambia, nikija mimi, nitasema mimi, na wewe utarudi kwenye boksi lako la gundi hadi uzeeke. Siji.

Ndani ya bahasha kuna mapezi matatu. Sitini, thelathini, arobaini na tano, tatu. Sikuongeza hata unywele. Mkono ulikuwa unaniwasha. Uzi ni mwekundu, nimenunua.

Shangazi yako, mtuma tembo

*

Idara ya Fizikia
1 Julai

Kwa Mlezi wa mwanafunzi husika,

Salamu.

YAH: UTOVU WA NIDHAMU KATIKA KIKAO CHA KLABU YA ROKETI

Nasikitika kukuarifu kuwa jana, katika kikao cha klabu, binti yako alisimama bila kuitwa nilipokuwa natangaza kwamba shule itapeleka roketi ya mapezi manne. Alisema kwamba anaomba majaribio ya pili kwa mapezi matatu. Nilimtaka azungumze kwa lugha inayotumika maabara. Alijibu kwamba atazungumza kwa Kiswahili, kwa sababu hesabu zake alizifikiri kwa Kiswahili na hataki zivunjike njiani. Nilimwambia aketi. Hakuketi.

Kisha alieleza, kwa muda usio mfupi, kuwa majaribio ya kwanza yalishindwa kwa kuwa fundi wa nguo aliongeza nafasi ya mshono. Darasa zima lilicheka. Yeye alisimama akiwatazama hadi walipomaliza, akaendelea pale alipoishia, akachora ubaoni jinsi upepo unavyosukuma pezi kubwa. Nahodha alipomuuliza kama tembo amepona, alimjibu kuwa tembo amepona na anauliza kama mapezi yake ya mbao amewahi kuyapima uzito. Hakuwa ameyapima. Kicheko cha pili kilivuruga kikao.

Nilipomkumbusha suala la usalama, yaani tukio la mlinzi, alisema kwamba aliulizia akaambiwa pezi lile lilichapwa likiwa limesimama, na kwamba ya kwake yamechapwa yakiwa yamelala. Akampa Nahodha pezi moja alivunje kwa mikono. Nahodha alishindwa. Akanipa mimi.

Kwa mujibu wa kanuni, mwanafunzi anayekataa kuketi hupewa onyo la maandishi, na mlezi huarifiwa. Ninaomba uzungumze naye.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Fizikia na Mlezi wa Klabu

*

Chumba cha cherehani
3 Julai

Kwa Mwalimu wa Fizikia,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi ya kulea watoto wa watu.

Barua yako nimeipokea na nimeisoma mara nyingi, nyingine kwa sauti, mbele ya wateja. Unasema binti yangu alizungumza kwa muda usio mfupi. Naomba unisaidie, mwalimu, kama ni dakika ngapi. Na alipokuwa anazungumza alikuwa anatazama chini au mbele? Umeandika aliwatazama. Nataka kuwa na uhakika, maana mimi nimekaa naye tangu ana kiatu kimoja na sijawahi kumwona akimtazama hata muuza nyanya.

Umeniomba nizungumze naye. Nitazungumza naye. Nitamwambia aendelee.

Onyo lako la maandishi namwomba alilete nyumbani. Nitalitia kwenye fremu pale ninapotundika leseni ya biashara.

Fundi wa nguo aliyetajwa ni mimi. Sentimita moja na nusu. Kama klabu ina mtu wa kuadhibiwa kwa tembo, duka langu liko mkabala na kiwanda cha mkate, lina bango, na nipo kila siku isipokuwa Jumapili. Koti lako la maabara nimeambiwa limechanika mfukoni. Lete na lenyewe.

Jambo moja hukuliandika. Umesema alikupa pezi ulivunje, kisha ukaweka nukta ukahamia kwenye kanuni. Je, lilivunjika?

Wako,
Shangazi

*

Bweni la Wasichana
9 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo.

Mwalimu aliniita ofisini. Barua yako ilikuwa wazi mezani, nikaisoma hadi kwenye fremu, na chai ilikuwa inapoa. Nilifikiri nafukuzwa klabu. Akafungua droo, akatoa lile pezi jekundu. Zima. Akasema, kwa Kiswahili, "Mwambie shangazi yako halikuvunjika." Halafu akasema majaribio ni kesho baada ya vipindi, na nisiongeze kitu.

Nilimwomba tuzungushe kwanza. Unafunga kamba pale roketi inapojisawazisha, unaizungusha kuzunguka kichwa, ikitangulia pua bila kuyumba basi itaruka salama. Alifunga fundo mwenyewe, akalikagua mara mbili, nikakumbuka kwamba mlinzi alikuwa amekimbia kweli, na hofu ilibaki kwa mwalimu. Nilizungusha mimi. Pua ilitangulia. Haikuyumba, Shangazi, ilikuwa inakata hewa kama mkasi wako kwenye satini. Wenzangu walirudi nyuma, wakawa wananitazama katikati ya uwanja nazunguka kama kichaa, na sikujali hata kidogo. Nimeshangaa jinsi nilivyokuwa sijali.

Kisha tukarusha. Upepo ulikuwepo, mkubwa kuliko ule wa tembo. Roketi ilitoka kwenye fimbo ikaenda juu, ikaendelea kwenda juu, na ilipofika pale ilipogeuka mara ya kwanza nilifumba macho. Sikusikia tangi likigongwa. Nikafumbua. Ilikuwa bado inapanda, wima, nyekundu mkiani. Mpishi alikuwa ametoka na mwiko wake kulinda tangi, naye akabaki mdomo wazi. Mwalimu alikuwa na saa ya kupimia mkononi akasahau kuibonyeza.

Parachuti lilifunguka nusu. Imetua vibaya, pezi moja limeng'oka. Gundi ndiyo iliyoachia, pezi lenyewe zima. Kwa hiyo kuhusu gundi ulikuwa sahihi.

Sasa sikiliza lililofuata. Mwalimu alikuja akaiokota, akaitazama, akasema amefurahi, lakini kwenye mkutano tutapeleka manne, kwa usalama, jina la Nahodha limeshapelekwa. Wote wakaanza kukusanya vitu. Nikasema, "Matatu." Akageuka. Akasema gundi imeachia mbele ya macho yangu. Nikasema gundi ingeachia hata yangekuwa manne, nitabadilisha gundi na nitaweka ukingo wa gundi pande zote mbili, aje avute mwenyewe. Matatu, mwalimu. Sauti yangu ilikuwa inatetemeka, sikudanganyi. Lakini ilikuwa inatoka.

Nahodha akasema, "Mwalimu, mbao zangu ni nzito, nimezipima." Alisema akitazama viatu vyake. Sijui nimchukuliaje yule.

Mwalimu akasimama pale na roketi yenye mapezi mawili mkononi. Akasema sawa, matatu, lakini waamuzi wataniuliza maswali na wataniuliza kwa lugha ya vitabu, mbele ya shule zote. Nikamwambia nitawajibu kwa Kiswahili, anayetaka atafsiri. Akauliza, "Na ukikosea?"

Nikamwambia nikikosea nitakosea kwa Kiswahili, na nitajua nimekosea wapi.

Alinipa roketi niibebe mimi.

Onyo la maandishi limebaki kwenye faili langu, hajalifuta. Nimemwomba nakala kwa ajili ya fremu yako. Amesema atafikiria.

Naomba unichapie mengine matatu ya akiba, dereva ayalete tarehe 11. Vipimo vile vile, yalale chali, nafasi ya mshono sufuri. Halafu chapa la nne peke yake, la njano kama uzi upo, na hilo ongeza sentimita yako moja na nusu kila upande. Nitalisimamisha mezani mbele ya waamuzi, karibu na roketi. Wakiuliza hilo la tembo ni la nini, nitawaambia ni la shangazi yangu, nitasubiri wamalize kucheka, halafu nitaanza kueleza.

Sindano wako